Na Vya Chumvi

Kwenye kibao juu ya mlango wake pameandikwa
NA VYA CHUMVI.
Neno la kwanza limepakwa rangi nyeupe.
Mgeni wa mtaa husimama, husoma tena,
huona kama amekatiza mazungumzo.

Juiz de Fora, mtaa unaopanda hadi magoti yanalalama.
Iracilda yuko jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri,
anasonga unga wa ngano kwa supu ya kuku
mpaka mwiko usimame wenyewe,
kisha anaufinyanga, tonge kwa tonge,
kila moja umbo la chozi, na kuku aliyechambuliwa tumboni.
Mia kwa ubatizo.
Mia tatu kwa harusi ya binti wa fundi baiskeli.

Salgado, ndivyo wanavyoviita: vilivyotiwa chumvi.
Ila neno limekua, likahama kwao,
likabaki na jina la baba tu.
Salgado ni jibini ndani ya unga,
ni samaki mkavu aliyepondwa na viazi,
ni chochote usichokitaka ukiwa na hamu ya sukari.
Na bili ya umeme ikija nene,
Genésio wa ghorofa ya juu hupiga mluzi:
"Mwezi huu ina chumvi!"
Basi na ughali nao umo.

Mimi ninayeandika haya kwa lugha yangu nimekwama.
Kwetu pweza ni mtamu. Pilau tamu, usingizi mtamu,
maharage yaliyoungwa vizuri, matamu.
Tamu yetu imeketi benchi zima,
haikumsogelea jirani.
Sina neno moja la kumpa mama huyu.
Nina chumvi tu, na chumvi kwetu ni umri:
aliyekula nyingi ameona mengi.

Yeye amekula ya miaka sabini na mitatu.
Daktari, kijana wa ndevu za kuhesabika,
alimfunga ile mashine ya presha, akaguna.
"Dona Iracilda, salgado basi."
"Kupika au kula?"
"Kula."
"Na nisipozitia chumvi?"
Kijana akafikiri. "Hapo sawa."
"Na zitaitwaje?"
Akainama, akaandika dawa.

Jumanne akapika hamsini bila chembe,
akawapelekea vibarua wanaochimba bomba la maji.
Wakatafuna kimya, kwa adabu.
Mmoja, shavu limejaa, akashindwa kuvumilia:
"Mama, salgado hizi hazina chumvi."
Iracilda alicheka hadi akashika ukuta.
Kumbe neno halikuwa likiishi kwa chumvi.
Lilikuwa likiishi kwa lile jingine,
lililo upande wa pili wa meza.

Upande wa pili wa meza alikuwa Zuleide, mdogo wake.
Miaka thelathini na moja, jiko moja:
Zuleide akiviringisha kakao na maziwa mazito,
sukari hadi kwenye kope;
Iracilda karaini, mafuta yakimrukia viwiko.
Mteja akiingia waliuliza kwa pamoja,
huyu nusu ya swali, yule nusu.
Wakaja kugombana. Saa ya ukutani ya marehemu mama,
isiyotembea hata.
Zuleide akapanda basi la Vitória na sinia zake,
na Iracilda akapanda ngazi na kopo la rangi.

Mtoto wa shule amesimama mlangoni, sarafu kiganjani.
"Bibi, una kitu kitamu?"
"Soma kibao."
Anasoma, midomo ikicheza.
"Mbona umeacha *na*?"

"Rangi iliisha," anasema Iracilda,
na kurudi kwenye karai.
Kopo liko chini ya sinki.
Ukilitikisa, linajibu.